Siku Niliyokunywa Daraja

Mliponiaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na dakika tano za kusema neno. Dakika zenyewe nilizimalizia kuwashukuru wakubwa, maana karatasi zangu za kustaafu zilikuwa bado mezani kwao. Yaliyobaki nawaandikia nyinyi vijana niliowaachia meza yangu, makabati mawili yasiyofungika na birika la kahawa lililopinda mdomo. Nani alipandishwa cheo na lini, sitasema. Yamo mafailini, na mafaili najua hamyasomi. Nataka kukuelezeni habari ya mtu mmoja niliyemtumikia, ambaye leo ukimtaja katika wilaya yetu watu watakuuliza, "Yupi huyo?" Na pamoja naye, habari ya finjani moja ya kahawa.

Wilaya sitaitaja. Iko baina ya Ibra na mchanga wa jangwa, na waliozaliwa huko wataijua kwa wadi yake, bonde la mto usio na maji.

Nilianza kazi ofisi ya wilaya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Unguja si zamani, nina Kiarabu cha msikitini na cha kugombana, cha katikati sina. Siku ya kwanza nilivaa kanzu mpya iliyonibana shingo, na kilemba alichonifunga mke wangu kwa sababu mwenyewe sikuwa najua. Nilipofika mlangoni kikafunguka. Aliyekiokota ni Bi Zuwena, mpiga chapa mkuu, mama wa Kipemba mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa pale tangu ofisi ina chumba kimoja.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Inama nikufunge, wasije wakakuona na kichwa kitupu. Kilichomo ndani watakiona baadaye."

Bi Zuwena ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba muhuri hupigwa kwa kuusindikiza, haukandamizwi, la sivyo hati hutoka na donda. Alinifundisha kuibembeleza taipureta ya Kiarabu ambayo herufi yake moja ilikuwa ikiruka. Ilishapelekwa Firq kwa mafundi mara tatu na kila mara ikarudi na herufi nyingine inayoruka. Alinifundisha kwamba barua ya haja ni ukurasa mmoja tu. "Ukurasa wa pili," alisema, "anausoma mende." Na alinifundisha jambo jingine, ambalo nililiandika kwenye daftari langu na kulipigia mstari: "Ukiwa majlisi, barazani kwa watu, na huelewi kinachoendelea, kalia mikono yako."

Mwaka wa pili nikaazimwa, kama mtu anavyoazimwa jembe, niwe katibu wa mjumbe wetu katika baraza la ushauri kule Maskati. Mjumbe mwenyewe alikuwa Sheikh Musallam. Alichaguliwa hivi: makabila mawili makubwa ya wilaya hayakuweza kukubaliana, kila moja likaona heri ateuliwe mtu asiyemwogopesha yeyote. Wakatazama huku na huku, wakamwona Musallam amekaa karibu na mlango. Yeye mwenyewe alikuja kuniambia kuwa siku ile alikwenda kumfuata mtu aliyekuwa na ngamia wake.

Alizaliwa Tabora, baba yake akiwa na duka huko, akarudishwa kwa ami yake ukingoni mwa jangwa, upande wa Al Mintirib, akiwa na miaka kumi. Kwa hiyo alikuwa Mbedui mwenye Kiswahili cha bara, na mimi Mwunguja nisiyejua kupanda ngamia. Tukawa tunagombana kwa lugha.

"Nyie Waunguja," alikuwa akinambia, "maneno yenu yana manukato mengi. Sema streti, bwana."

"Na nyinyi wa bara mnasema kama mnaogawa magunia."

"Gunia lina kitu ndani, yaa Nassor."

Katika miaka yote ya ujumbe wake alisema barazani mara tatu. Mara moja aliomba dirisha lifunguliwe. Mara mbili aliomba daraja. Dirisha lilifunguliwa siku ile ile, na mimi nikaliandika kwenye ripoti ya mwaka chini ya kichwa cha mafanikio, Bi Zuwena akalifuta.

Sasa hilo daraja. Wadi ile miezi kumi na moja ni mawe matupu na mbuzi. Mwezi wa kumi na mbili mvua hunyesha milimani, mahali usipopaona, na wadi hushuka. Hushuka ndani ya robo saa, maji ya rangi ya chai yakibeba miti na mapipa, na kijiji cha ng'ambo hukatika siku tatu, siku nne. Wiki yangu ya kwanza naye Sheikh alinipakia kwenye Land Cruiser yake akanipeleka hapo. Alisimama ukingoni, akanionyesha kwa fimbo mwamba mmoja mweupe.

"Hapa ndipo ilipomchukua Hilal, mdogo wangu. Alikuwa anavuka na gari, anakuja kwangu. Mbingu haina wingu hata moja. Tulimpata siku ya pili, mbali sana huko chini. Gari hatukuipata."

Nikasema linalosemwa. Yeye akaendelea kuutazama ule mwamba.

"Nilimwambia juu ya kaburi lake kwamba hapa patakuja daraja. Mimi si mtu wa kazi nyingi, Nassor. Kazi yangu ni hii moja."

Tukaandika barua. Ya kwanza niliipamba mpaka Bi Zuwena akaniuliza kama naposa. Ya pili ilikuwa fupi. Nilimshauri Sheikh tutie habari ya Hilal, maana afisa naye ana ndugu. Aliukunja uso nisimtambue. "Haja ya watu siiombi kwa maiti wangu," alisema, na hilo halikuzungumzwa tena. Barua saba zilikwenda, majibu saba yakarudi, yote yakisema suala letu liko chini ya uchunguzi. Nilianza kuwaonea huruma hao wachunguzi kwa kuchoka kwao.

Mwishoni kabisa mwa kipindi chake Sheikh akanambia nichukue faili twende Maskati, lakini si wizarani. Tunakwenda nyumbani kwa mkurugenzi mwenye kauli ya barabara na madaraja, mtu ambaye asili yake ilikuwa huko huko mchangani. "Ofisini yeye ni mkurugenzi," alisema. "Nyumbani ni mtoto wa fulani bin fulani." Hakunieleza zaidi. Kwake yeye jambo lile lilikuwa halina haja ya kuelezwa, kama usivyomweleza mtu mzima kuwa kiatu huvuliwa mlangoni. Hilo ndilo kosa lake. Langu linakuja.

Tulifika baada ya swala ya alasiri. Tukakaa juu ya zulia, zikaja tende, zikaja habari: za safari, za mvua, za watu wa huko na afya zao mmoja mmoja. Kisha mkurugenzi akasimama kutumiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, heshima kubwa. Finjani ya kwanza akampa Sheikh Musallam. Sheikh akaipokea kwa mkono wa kulia, akaishika kidogo, akaiweka juu ya zulia mbele yake. Hakuinywa. Akatia mikono magotini.

Mkurugenzi akasita. Alinipa mimi yangu, nikanywa, nikaitikisa kuonyesha nimetosheka, nikamrudishia. Naye akabaki amesimama na birika mkononi, anaitazama finjani ya Sheikh. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Nifahamuni, jamani. Kwetu Unguja kahawa ya mwenye nyumba haiachwi. Kuiacha ni kumwambia mkewe umeona inzi ndani ya birika. Na Sheikh, nilijua, alikuwa na vidonda vya tumbo. Asubuhi ile njiani alikunywa maziwa matupu. Nikasema ndani ya nafsi yangu: tumbo limemshika, anaona haya kusema, na mwenye nyumba anadhani ametukanwa. Daraja linatupotea kwa sababu ya tumbo! Nikamwona mkurugenzi anavuta pumzi, anafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Samahani, yaa sheikh, mwenzangu tumbo linamsumbua," nikasema, nikainyakua ile finjani, nikainywa yote, nikaitikisa na kumkabidhi. "Kahawa tamu, mashaallah."

Mkurugenzi alinitazama. Halafu akacheka kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba. "Sahha, sahha!" akasema, afya njema, afya njema. Akakaa chini, akaanza kutuuliza habari za mbio za ngamia, na alituhadithia ngamia mpaka maghribi. Faili langu halikufunguliwa. Sheikh Musallam alijibu kila swali kwa adabu, tukaaga, tukaondoka. Mimi nilikuwa nimejaa furaha kwa jinsi nilivyoisitiri aibu.

Tukaingia garini, mimi nikaendesha. Tukapita Bidbid, Sheikh akitazama nje. Tulipoanza kupanda milima ya njia ya Sharqiyah akanambia, "Weka gari pembeni." Nikaweka.

"Unajua ulichokifanya?"

"Nimekusitiri, Sheikh."

"Umenisitiri na nini? Tumbo langu lilikuwa zima." Alivua kilemba akakiweka magotini, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya mbele ya mtu. "Sikiliza. Kwetu sisi mtu mwenye haja nzito haombi. Anaiweka finjani chini. Basi. Mwenye nyumba lazima aulize, haja yako nini? Na akishauliza hakatai, kwa sababu mgeni akitoka na kahawa yake haikunywewa, habari hiyo itamfuata mpaka kwa wajukuu. Yule alikuwa anafungua mdomo, Nassor. Neno lilishafika kwenye meno. Na wewe ukanywa."

"Turudi," nikasema. "Turudi sasa hivi, nitamweleza."

"Hairudiwi. Kwa nyumba moja finjani ya haja ni moja."

Malori yalikuwa yanatupita yakilitikisa gari. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayeendesha.

"Umekunywa daraja," alisema. "Daraja zima, na nguzo zake."

Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniishia, nami Mwunguja. Alinambia, "Endesha." Aibu ya siku ile, mpaka leo ikinijia katikati ya kuoga, huacha kujimwagia maji nikasimama hivyo hivyo na sabuni. Nilijua kuwa ni ndugu yake yule, ni ahadi juu ya kaburi, na mimi nimeitikisa finjani na kusema mashaallah.

Jumamosi, siku ya kuanza wiki ya kazi wakati ule, nilipoingia ofisini Bi Zuwena alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Aliitazama mikono yangu tu, mmoja, kisha wa pili, akarudi kwenye taipureta yake.

Na alisikia kwa nani? Kwa Sheikh mwenyewe. Alikwenda majlisi hii na ile akiihadithia, anaigiza jinsi nilivyoinyakua, watu wanashika mbavu. Nilimchukia kwa hilo, nakiri. Miezi kadhaa ikapita ndipo nikafahamu. Alitaka jambo liwe kichekesho kabla halijawa lawama, maana kijiji cha ng'ambo kina vijana wenye hasira, na jina langu lilikuwa linajulikana. Mtu hampigi anayemchekesha. Lakini kichekesho nacho kina mlaji wake. Ulipofika wakati wa kuchagua tena, mpinzani wa Sheikh hakuhitaji kuahidi kitu. Alikuwa akiingia majlisi akipewa kahawa anainywa taratibu, akiangalia watu, na watu wanaanguka kwa kicheko. Sheikh Musallam akashindwa. Alirudi ukingoni mwa mchanga kwa ngamia wake, na siasa yake ikaisha, ikiwa na dirisha moja.

Mimi nikabaki na faili. Hapa sasa vijana nisikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Mjumbe mpya alipoingia, kila Jumamosi faili la wadi lilikuwa la juu katika rundo lake. Akiliteremsha chini, Jumamosi ijayo liko juu. Hakupata kuniuliza, alidhani ofisi ndivyo inavyofanya kazi. Alipoondoka, aliyefuata naye akalikuta juu. Wadi ikishuka nilikuwa naandika siku, saa, na kijiji kimekatika muda gani, ukurasa mmoja, nakala wizarani. Bi Zuwena alipostaafu alinikabidhi ufunguo wa kabati akasema, "Ukilichoka hilo faili, kumbuka ulivyolinywa daraja." Taipureta ikaenda, kompyuta ikaja, faili likawa nene mpaka likahitaji kamba. Sikulichoka. Nilikuwa nalichukia, lakini sikulichoka.

Daraja likajengwa. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekwishaingia, na nani hasa alilikubali sijui mpaka leo. Siku ya ufunguzi palikuwa na mahema, halwa na ngoma za razha, zile za kucheza na panga, na ukingoni jiwe jeusi lenye majina kwa herufi za dhahabu. Orodha ya waalikwa niliichapa mimi, nikamtia Sheikh Musallam mstari wa nne. Iliporudi kutoka juu mstari wa nne haukuwapo. Aliyeufuta hakuwa na ubaya wowote, aliuliza, "Yupi huyo?", wala hapakuwa na mtu chumbani wa kumjibu.

Wakati huo Sheikh alikuwa amefanya urafiki na wenye kambi za watalii kule Al Mintirib, akikaa hemani kuwamiminia wageni kahawa. Nilikwenda kumtembelea siku moja nikakuta Wataliani, watu wa Roma. Mmoja wao, mama mwenye kofia kubwa, alikuwa mwalimu wa historia. Kwa kupitia mfasiri alimuuliza Sheikh alikuwa akifanya kazi gani zamani, naye akajibu kuwa alikuwa mjumbe wa baraza, lakini hakuna anayekumbuka. Yule mama akasema kwao wako wengi wa namna hiyo: wajumbe wa Roma ya kale, tena waliofikia ukonseli, cheo cha juu kabisa, na leo kilichobaki ni jina tu juu ya jiwe lililovunjika. Mmoja, alisema, hajulikani kwa kitu chochote ila kwamba alitengeneza daraja.

"Na daraja lenyewe lipo?" Sheikh akauliza.

"Lipo. Watu wanapita."

"Basi huyo hana shida," alisema Sheikh, akamwongeza kahawa.

Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia ngamia.

Hayo ndiyo. Nimestaafu, saa yenu nimeitundika, inakwenda mbele dakika nne. Wiki ya tatu ya kukaa kwangu bure gari ikasimama mlangoni kwangu Ibra, akashuka Sheikh Musallam, mzee sasa, ameletwa na mpwa wake ambaye alimwacha akaenda zake sokoni. Tukakaa. Tende zikaja, habari zikaja, zote mpaka zikaisha. Nikasimama kumimina kahawa kwa mkono wangu.

Akaipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaishika kidogo. Akaiweka juu ya mkeka mbele yake, akatia mikono magotini.

Niliweka birika chini nikakaa juu ya mikono yangu. Kweli, niliikalia yote miwili, mtu mzima wa miaka sitini.

"Haja yako nini, Sheikh?" nikauliza. "Imeshakubaliwa."

"Usikubali kabla hujasikia. Ndiyo maana hukuwa mkurugenzi." Akaitazama finjani yake. "Lile daraja sijalivuka. Nikienda kaburini kwa Hilal, ng'ambo, tunazunguka njia mpya ya mlimani, saa nzima, na mpwa wangu anadhani nimechanganyikiwa. Peke yangu siwezi, Nassor. Nivushe."

"Tutakwenda sasa hivi."

Ndipo akainywa. Aliinywa polepole mpaka tone la mwisho, akaitikisa, akanirudishia. "Imepoa," alisema. "Lakini haikunywewa na mtu mwingine."

Nilimpeleka. Pale kwenye jiwe jeusi alitaka nisimame, akashuka, akasoma majina yote kwa kidole. Nilimwambia naona aibu, jina lake halimo, nililitia wakalifuta.

"Na lako halimo."

"Mimi nililinywa, Sheikh."

"Basi," alisema, "mmoja aliliomba, mmoja akalinywa, na hawa ndio waliokata utepe." Akacheka, akacheka mpaka akashika lile jiwe kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka. Chini ya daraja, katikati ya mawe, ule mwamba mweupe ulikuwa unaonekana.

Nikamshika mkono. Tuliliacha gari pale pale njiani, milango wazi, tukavuka kwa miguu. Nyuma yetu magari yakapiga honi, yakapiga, mpaka yakachoka.